Kifungu cha Arobaini na Moja

Ardith Vossberg hakuwa mbunge, wala hakuwahi kugombea hata uenyekiti wa kwaya, lakini kwa miaka ishirini na sita hakuna sheria iliyotungwa katika jimbo lile bila kupita kinywani mwake. Alikuwa msomaji wa Bunge la Jimbo. Mswada wa visima, mswada wa mbwa wakali, mswada wa vitabu vya shule, kila mmoja alisimama nao yeye, amevaa sketi ya kijivu na viatu vya kisigino kifupi, mbele ya kipaza sauti kilicho chini kidogo ya kiti cha Spika, akausoma.

Majimbo yale ya katikati ya Marekani yalianzishwa na wakulima, na wengi wao kusoma kuliwapiga chenga. Ndiyo maana waliandika kwenye katiba yao kwamba kila mswada usomwe kwa sauti mara tatu, ili asiyejua herufi asije akapitishiwa jambo machoni pake. Miaka mia na ushei baadaye wabunge wote walijua kusoma, na hakuna aliyesoma. Ardith alitaja namba na kichwa cha mswada, mbunge mmoja akainuka nusu kitini akaomba uliosalia uhesabiwe kuwa umesomwa, Spika akagonga nyundo, wakasonga mbele. Na hata pale ilipobidi asome ukurasa mzima aliusoma kwa kasi, maana baba yake alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, na kasi ile aliinyonya utotoni. Maneno yalimtoka kama punje za mahindi zikimwagika ghalani. Wenyewe walipenda hivyo.

"Ardith," walimtania kwenye mgahawa wa Bunge, "siku ukifa tutakusoma mara tatu ndipo tukuzike."

"Someni kichwa tu," aliwajibu. "Ndiyo kawaida yenu."

Sharti la kazi lilikuwa moja. Katibu wa Bunge, Ferris Oakley, alimwambia siku ya kwanza kabisa: mtumishi wa Bunge hana chama, hana maoni, hana mswada anaoupenda wala anaouchukia. Ardith hakuliona kuwa sharti gumu. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, aliishi katika chumba na sebule ghorofa ya tatu, hatua mia nne kutoka kazini. Alichokuwa nacho ni ndugu mmoja.

Huyo ndugu aliitwa Orlin. Alizaliwa Ardith akiwa na miaka saba, kitovu kimemzonga shingoni, rangi ya zambarau, na akili yake haikuvuka ya mtoto wa miaka minne. Alipofika miaka tisa daktari alimwambia mama yao ampeleke Makao ya Jimbo ya Harrow Creek na amsahau, kwa faida ya binti yake. Mama alimpeleka. Hakumsahau, ila aliacha kumtaja, na alikufa hivyo hivyo.

Ardith alianza kumtembelea alipopata gari lake la kwanza. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kutisha: wanaume sitini kwenye bweni moja, wengine uchi, wakioshwa kwa mpira wa maji kama magari. Harufu ile aliibeba kwenye koti lake mpaka Jumatano. Baadaye palikuwa na kesi, majaji wakaamuru, kuta zikapakwa rangi, wahudumu wakaongezwa. Orlin akapewa kazi ya kukunja taulo. Akapata na rafiki, mpishi aitwaye Lavonne, aliyejua kwa miaka ishirini na miwili kwamba koo la Orlin ni dhaifu: nyama yake isagwe, mkate wake uloweshwe, na mtu akae karibu naye mpaka ameze tonge la mwisho. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Ardith alikwenda, wakala pamoja.

"Adi," Orlin alimwita hivyo, "umeleta keki?"

"Nimeleta pudini, Oli. Keki wewe huiwezi."

"Mwakani keki."

"Mwakani, tutaona."

Mwaka 1997, mwezi Januari, ukaja Mswada namba 318. Aliyeuleta alikuwa Mheshimiwa Corinne Tasker, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwalimu wa zamani, asiyejua kupumzika. Alipokuwa mwanafunzi alipelekwa na chuo chake kuitazama Harrow Creek, akaona yale ya mpira wa maji, na hakulala wiki nzima. Mswada wake ulitaka Makao yafungwe ndani ya miezi ishirini, na watu wake mia tatu na kumi wahamishiwe nyumba za kawaida mijini, wanne wanne, zikiendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba na jimbo. Wakae kwenye mtaa, alisema, wawe na majirani, wawe na sanduku la barua mlangoni.

Ardith alipewa nakala kama apewavyo kila nakala, akaenda nayo nyumbani. Aliisoma taratibu kwenye meza ya jikoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alitafuta mahali palipo na chakula, akapapata kwenye kifungu cha arobaini na moja: *Katika kila nyumba, wakati wa kula, lazima wawepo wahudumu wasiopungua wawili, na mmoja wao asiwe na kazi nyingine ila kuwaangalia wanaokula.* Akapiga mstari kwa penseli. Aliyeandika maneno hayo, alifikiri, amewahi kumlisha mtu. Usiku huo alilala vizuri.

Mswada ulikwenda kamatini, ukakaa wiki saba, ukarudi mnene zaidi. Kurasa mia na kumi na mbili. Siku ya kusomwa mara ya tatu, mwezi Machi, theluji ikiyeyuka na kudondoka kwenye madirisha marefu ya ukumbi, Ardith alitaja kichwa kama kawaida na kusubiri mtu ainuke. Aliyeinuka hakuwa yule wa kila siku. Alikuwa Mheshimiwa Duane Brekke, muuza mbegu, mtu wa kitambi na kicheko, mwakilishi wa kaunti ile ile ya Harrow Creek.

"Mheshimiwa Spika," alisema Brekke, "naomba haki yangu ya kikatiba. Mswada usomwe wote."

Ukumbi mzima uliguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Duane, tuna wake nyumbani!" na mwingine akajibu, "Wa kwako atashukuru." Lakini haki ni haki. Spika akamwinamia Ardith. "Msomaji, anza."

Akaanza saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Kufikia ukurasa wa kumi wabunge walikuwa wanatoka mmoja mmoja. Kufikia wa arobaini walibaki kumi na mmoja, kati yao mmoja akikata kucha na wawili wakicheza karata nyuma ya rundo la magazeti. Ardith alisoma kwa kasi ya mnada, akigeuza kurasa kwa kidole kilicholowa, na akili yake ilikuwa mbali, kwenye maziwa aliyoyaacha nje ya friji. Alipofika ukurasa wa sabini na moja mdomo ulisoma kabla ya macho.

"Kifungu cha arobaini na moja. Katika kila nyumba, wakati wa kula, watakuwepo wahudumu kwa idadi itakayoonekana kufaa na mwendeshaji wa nyumba."

Akanyamaza.

Kimya hicho kilikuwa kigeni kiasi kwamba mkata kucha aliinua kichwa. Ardith alitazama karatasi. Hapakuwa na *lazima*. Hapakuwa na *wawili*. Kifungu kilikuwa kimetolewa utumbo, kikashonwa vizuri, kikarudishwa mahali pake. Akakisoma tena, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemsomea kiziwi anayetazama midomo.

"Msomaji amepotea mstari?" Spika aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa Spika. Ndivyo ulivyo."

"Basi endelea."

Akaendelea. Baadaye aliwahi kusema kwamba hilo ndilo neno alilolichukia kuliko yote maishani mwake, na kwamba alilitii bila hata kumeza mate.

Saa saba walipumzika dakika arobaini. Ardith alimkuta Brekke mgahawani, mbele yake supu ya nyanya na mkate wa jibini iliyoyeyuka.

"Aa, dada Ardith! Kaa, kaa. Koo vipi? Leo nimekupa shamba la kulima, ee?"

Ardith hakukaa. "Ukurasa wa sabini na moja. Umekisikia kifungu?"

"Mimi? Nilikuwa kwenye simu."

"Wameondoa wahudumu wawili mezani. Mwenye kampuni ndiye ataamua wangapi wanatosha. Anaweza kuamua mmoja. Anaweza kuamua nusu."

Brekke aliacha kijiko. Hakuwa mjinga. "Na unanijia kama msomaji, au kama ndugu wa mtu?"

"Nakujia kama mtu aliyekisoma."

"Basi uko peke yako katika jengo hili," alisema Brekke akacheka, kisha alipoona uso wake akakatisha kicheko. "Sikia. Sitakudanganya. Mimi nina watu mia nne wanaofanya kazi pale Harrow Creek, na wote wanapiga kura. Hilo ndilo linalonisimamisha leo. Huyo ndugu yako simjui. Lakini kifungu hiki kinanifaa. Nitaomba kirudishwe kama kilivyokuwa."

"Kirudishe kwa sababu yoyote unayotaka."

Aliondoka akijihisi amechafuka mikono, na hakujua kwa nini, maana alichofanya hakikuwa dhambi.

Alimaliza kusoma saa kumi na moja na nusu jioni, sauti imebaki uzi. Wabunge wakarudi. Brekke akaleta marekebisho yake, na kwa kuwa ni marekebisho yalipaswa kusomwa, na wa kusoma alikuwa ni yeye. Ardith akasimama akasoma maneno yale ya zamani, *lazima wawepo wahudumu wasiopungua wawili*, kwa sauti ile ile ya siku zote, isiyo na chama, isiyo na ndugu. Tasker alijibu kwa ufupi. Alisema Mheshimiwa Brekke ameikuta huruma leo, baada ya kuikosa miaka yote, na watu wakacheka. Alisema kampuni haziwezi kufungwa mikono kwa kila mlo. Ikapigwa kura: arobaini na sita waliyaunga mkono, arobaini na tisa waliyakataa. Kisha mswada wenyewe ukapita kwa kura nyingi, watu wakapigana pambaja, na wazazi wawili kwenye roshani walikuwa wanalia kwa furaha.

Tasker alimkuta kwenye korido anavaa koti.

"Ardith. Duane ameniambia una ndugu pale. Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Siruhusiwi."

"Nilihitaji kura nane za Kamati ya Fedha. Nane tu. Walitaka kile kifungu, nikawapa. Mwakani tutakirudisha, nakuapia." Alikuwa amechoka, macho mekundu, na Ardith aliona kwamba anasema kweli, anaamini. "Niambie wewe mwenyewe. Ungependa abaki kule mpaka afe?"

"Ningependa ale mtu akiwa anamwangalia."

Tasker alishusha pumzi. Kisha akasema, bila ubaya, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kusemwa na mtu yeyote. "Na wewe? Hukufikiria kumchukua?"

Ardith alifunga vifungo vya koti vyote, mpaka cha shingoni. Ghorofa ya tatu, chumba na sebule, kazi ya asubuhi mpaka jioni. Zilikuwa sababu, na kila moja ilikuwa ya kweli. Hakuitoa hata moja.

Kesho yake Katibu Oakley alimwita ofisini. Mtumishi wa Bunge kumfuata mbunge mezani kwa jambo lililo mbele ya ukumbi, hilo halikubaliki. "Nakufahamu, Ardith," alisema, hakumtazama. "Ndiyo maana ni barua tu." Barua ya onyo ikawekwa kwenye faili. Gavana akatia saini mwezi Aprili.

Orlin alihamishwa Oktoba ya mwaka uliofuata. Alipelekwa Penrose, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka mji mkuu, kwenye nyumba ya njano yenye zulia la bluu na, kama alivyoahidi Tasker, sanduku la barua. Walikuwa wanne. Jirani wa chumba chake alikuwa mzee mmoja mwembamba aitwaye Wendell, naye wa Harrow Creek, aliyevaa kofia ya mpira wa magongo hata akilala.

Ardith alikwenda Jumapili ya kwanza akiwa amejiandaa kuchukia kila kitu. Orlin alimshika mkono akamvuta ukumbini. "Njoo, Adi. Njoo uone." Akamsimamisha mbele ya mlango. Akaufungua. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Mlango wa Oli," alisema.

Alikuwa na miaka hamsini na nne, na hakuwa amewahi kulala chumba chenye mlango wake mwenyewe. Aliufungua na kuufunga mara ishirini huku anacheka, na Ardith akacheka naye, na wakati wote huo alikuwa anafikiri: yule mwanamke alikuwa na haki. Nusu yake alikuwa na haki.

Nusu nyingine ilikuwa jikoni. Mhudumu alikuwa mmoja, mama wa makamo aitwaye Rhonda, amefunga nywele kwa mpira wa pesa, akigeuza mayai huku anamwita mtu asitoke nje bila viatu.

"Mwenzako yuko wapi?" Ardith aliuliza.

"Mwenzangu? Mimi ndiye mwenzangu," alisema Rhonda. "Tangu jana saa kumi na mbili."

Ardith alikuwa amekuja na mashine ya kusagia nyama, ile ya mkono, na karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa: NYAMA YA ORLIN ISAGWE. MKATE ULOWESHWE. ASIACHWE PEKE YAKE AKILA. Aliibandika kwenye friji. Rhonda akaisoma yote kwa heshima.

"Mama, karatasi nimeiona," alisema. "Na nitasaga, usihofu, nina moyo. Ila tatizo si karatasi. Wako wanne, mmoja anajisaidia ovyo, mmoja anakimbilia barabarani. Mimi nina mikono hii miwili."

Ardith alipiga simu kwa kampuni. Akaandika barua kwa idara ya jimbo, akaandika ya pili, akaandika ya tatu. Jibu lilikuja mwezi Desemba, la heshima, kwenye karatasi nzuri. Nyumba ya Penrose ilikuwa imekaguliwa na kuonekana inafuata sheria. Kwa habari ya idadi ya wahudumu wakati wa kula, aliombwa arejee kifungu cha arobaini na moja.

Siku ya Jumanne, mwezi Februari, ilipokaribia saa saba mchana, Ardith alikuwa kwenye kipaza sauti akisoma mswada wa kuteua nyasi rasmi ya jimbo. Katibu Oakley alikuja kwa miguu ya paka, akamwekea kipande cha karatasi juu ya meza. Ardith alikisoma kwa jicho moja huku mdomo ukiendelea. Alimaliza kichwa cha mswada mpaka nukta. Akaweka karatasi zake sawa, akashuka ngazi mbili, akatoka, na ukumbini watu walidhani ameshikwa na kikohozi.

Mambo yalikuwa hivi. Rhonda alikuwa amewapa chakula, cha Orlin amekisaga. Yule anayejisaidia ovyo akajichafua, Rhonda akampeleka bafuni kumwosha, dakika sita, au nane. Wendell alikuwa na soseji. Orlin alipenda soseji kwa kuitazama tu, miaka yote. Siku hiyo hapakuwa na mtu, akanyoosha mkono. Wendell alikuja mlangoni mwa bafu, akafungua na kufumba mdomo, akasema, "Oli anacheza samaki." Rhonda hakuelewa. Wendell akasema tena.

Walimzika Orlin kaunti ya nyumbani, pembeni ya mama yake, udongo ukiwa mgumu kiasi kwamba walichimba kwa mashine. Katika chumba cha chini cha kanisa wanawake walipanga nyama ya nguruwe ya baridi, viazi vya kuoka, kahawa kwenye birika kubwa. Lavonne mpishi alikuja akakaa peke yake, akivisukumasukuma viazi kwenye sahani. "Kwangu alikaa miaka ishirini na miwili," alimwambia kila aliyepita. "Miaka ishirini na miwili, na hakukohoa."

Rhonda alisimama nyuma karibu na makoti. Kampuni ilikuwa imeshamfukuza; ndiye pekee aliyeadhibiwa. Ardith alipomwendea, yeye ndiye aliyewahi kusema.

"Mama, nisamehe. Nilisema narudi sasa hivi. Nilisema, Oli, narudi sasa hivi."

Ardith alitaka kumwambia kwamba hana kosa. Alijua kwamba hana kosa. Ila kulikuwa na kitu kifuani kilichotaka kosa la mtu, na huyu alikuwa karibu. Mwisho akasema, "Chukua sahani. Umetoka mbali, kula." Akamwacha. Hilo nalo lilimkaa rohoni baadaye, na alipomtafuta Rhonda kwa simu, namba ilikuwa ya mtu mwingine.

Wiki mbili baadaye Corinne Tasker alikuja mpaka ghorofa ya tatu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na alilia kwanza kabla ya kusema. Kisha akatoa karatasi mkobani. Ulikuwa mswada, ukurasa mmoja tu, wa kurudisha wale wahudumu wawili. Juu aliandika: *Sheria ya Orlin*.

"Toa jina," Ardith alisema.

"Jina ndilo litakalowagusa. Watu husahau kifungu, hawasahau mtu."

"Hakupenda kuitwa kwa sauti kubwa. Alikuwa anaziba masikio. Toa jina."

Tasker akalitoa. Lakini alihitaji shahidi kwenye kamati, na mtumishi wa Bunge haruhusiwi kutoa ushahidi. Ardith aliandika barua ya kuacha kazi usiku huo huo, mistari miwili. Oakley alimtilia saini, akafunika kalamu. "Tutapata mashine ya kusoma," alisema. "Wameshanionyesha. Haichoki." Alidhani anamfariji.

Kamati ilikutana Alhamisi asubuhi kwenye chumba cha ghorofa ya kwanza. Kila shahidi dakika mbili. Kabla ya Ardith walizungumza wanasheria wa kampuni, watu wastaarabu, wakasema kwamba msiba ni msiba na hakuna sheria inayoweza kuzuia soseji. Kisha akaitwa. Alikuwa ameandika maneno yake siku tatu. Aliyaandika vizuri: juu ya bweni la watu sitini, juu ya mlango wa Oli, juu ya dakika nane. Akakaa mbele ya kipaza sauti, akafungua karatasi, akaanza kusoma.

Ikatoka sauti ile ile.

Aliisikia mwenyewe. Kasi ya mnada, kila neno limelingana na jirani yake, hakuna palipopanda wala kushuka. Alijaribu kuipunguza, ikakwama, ikaondoka tena kwa kasi. Alikuwa hajui kusoma kwa namna nyingine mbele ya watu wale. Akainua macho akaona nyuso alizozifahamu miaka mingi zikifanya kile zilichozoea kufanya aliposoma: mmoja alifungua barua zake, mmoja alimnong'oneza mwenzake, mwenyekiti alitazama saa. Hawakuwa na ubaya naye. Kwa miaka ishirini na sita sauti hiyo ilikuwa imewaambia kwamba sasa unaweza kupumzika. Aliacha karatasi katikati akasema kwa mdomo mtupu, "Alikuwa ndugu yangu," lakini taa nyekundu ya muda kwisha ilikuwa imeshawaka.

"Asante sana, Bibi Vossberg," alisema mwenyekiti, na alitabasamu kwa dhati. "Tumefurahi kukusikia tena."

Mswada uliwekwa kando kwa uchunguzi zaidi. Haukukataliwa, ingekuwa afadhali, maana kilichokataliwa kina kura na kura zina majina. Uliwekwa kando, na kikao kilipofungwa mwezi Mei ulikufa pamoja na mingine mia nne, bila mtu kuugusa. Novemba Tasker alishindwa uchaguzi na kijana wa duka la magari. Brekke alirudi kwa kura nyingi: alikuwa amepata gereza jipya la kuwekwa kwenye majengo ya Harrow Creek, na watu wake mia nne wakarudi kazini.

Ardith alibaki na chumba na sebule. Pensheni ilimtosha. Miezi miwili mitatu hakufanya kitu. Kisha Jumapili moja aliingia garini akaenda Penrose, bila kumwambia mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia. Wendell hakuwa na jamaa, hilo alilijua. Alimkuta mezani na kofia yake. Mhudumu alikuwa mmoja, mgeni, wa tano tangu Rhonda, na aliposikia kwamba huyu mama amekuja kukaa tu na watu wakati wa chakula, alimtazama kama mtu aliyeshushiwa mzigo njiani.

"Oli yuko wapi?" Wendell alimuuliza.

"Oli amekufa, Wendell."

"Lini?"

"Februari."

Wendell aliwaza, akatikisa kichwa, akaendelea kula. Mwezi uliofuata alimuuliza tena, na uliofuata tena, na kila mara Ardith alimjibu kwa maneno hayo hayo. Alimkatia nyama vipande vidogo ingawa koo la Wendell halikuwa na shida. Alikaa hapo kwenye kiti cha pembeni, mikono magotini, anawatazama wote kwa zamu, tonge kwa tonge, mpaka sahani zilipoondolewa. Halafu alivaa koti, akaendesha gari saa nne kurudi. Siku nyingine za mwezi, thelathini kasoro moja, hakujua nani alikuwa anawatazama.